Treni ya matairi ya Montreal, MR-63: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

MR-63 ndiyo treni ya kwanza ya metro ya Montreal, Kanada. Ilianza kubeba abiria 14 Oktoba 1966 na safari yake ya mwisho ilikuwa 21 Juni 2018. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayonifikia kila mara kutoka kwa wenzangu wasemao Kiswahili hapa mjini, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na kutoka kwa ndugu walio nyumbani wanaposikia kwamba huku treni inatembea kwa mpira.

Treni inatembeaje kwa matairi? Ina maana haina reli?

Reli zipo, ila kazi yake si ile tuliyoizoea. Simama stesheni, nyuma ya mstari wa usalama, kisha tazama chini kwenye njia. Utaona mikanda miwili ya zege iliyonyooka, kila mmoja ukiwa na upana wa kama sentimita 25. Hapo ndipo matairi yanapokanyaga. Upande wa ndani wa kila mkanda kuna reli ya chuma, na kati ya reli moja na nyingine kuna milimita 1,435, kipimo kilekile cha reli za SGR. Upande wa nje, kulia na kushoto, kuna chuma kirefu kilichoinuliwa kidogo kutoka chini. Hicho ni chuma cha kuongozea.

Sasa ingia chini ya behewa. Kuna bogi mbili, yaani fremu zinazoshika magurudumu, na kila bogi ina matairi manne makubwa yanayobeba uzito. Ubavuni mwa kila tairi kubwa kuna gurudumu la chuma. Halafu kuna matairi manne madogo yaliyolazwa, yanayobana vile vyuma vya kuongozea kutoka ndani na kuizuia treni isiyumbe upande wowote. Ndiyo maana dereva hana usukani. Treni kamili ilikuwa na mabehewa 9, kwa hiyo piga hesabu: matairi 72 ya kubeba na mengine 72 ya kuongozea, kwa treni moja tu.

Tairi likipata pancha katikati ya handaki?

Abiria wengi hawatajua. Lile gurudumu la chuma ni dogo kidogo kuliko tairi, kwa hiyo siku zote linaning'inia juu ya reli bila kuigusa. Tairi likiishiwa upepo, behewa linashuka kidogo na gurudumu la chuma linakaa juu ya reli. Treni inaendelea hadi mahali pa kutengenezwa.

Na nikisema upepo, si upepo wa pampu ya gereji. Matairi haya hujazwa gesi ya nitrojeni, ambayo haichochei moto. Chini ya ardhi, jambo hilo si dogo.

Gurudumu hilo la chuma ndilo linalonivutia kuliko kitu kingine chochote katika treni hii, maana wabunifu walilibebesha kazi tatu. La kwanza ni hilo la pancha. La pili ni pale njia zinapogawanyika: vyuma vya kuongozea haviwezi kuendelea mahali njia mbili zinapokatana, kwa hiyo hapo ukingo mrefu wa gurudumu la chuma ndio unaoshika reli na kuipeleka treni inakotakiwa. La tatu ni breki, na breki zina swali lake huko mbele. Kipande kimoja cha chuma, ambacho mtu angedhani ni cha akiba tu, kinafanya kazi saa zote.

Mpira haupitishi umeme. Treni inapataje umeme basi?

Vile vyuma vya kuongozea vina umeme wa volti 750 wa mkondo mnyoofu. Kati ya matairi yaliyolazwa kuna kipande kinachosugua chuma hicho na kuchukua umeme kwenda kwenye mota. Kwenye treni ya kawaida umeme hurudi kupitia magurudumu hadi relini, lakini hapa matairi yanazuia, kwa hiyo kuna vipande vingine vinavyosugua reli ya chuma kuurudisha. Ndiyo sababu simu ikikuponyoka ikaangukia njiani unapaswa kumwita mfanyakazi wa stesheni. Usishuke, hata kwa sekunde tano.

Nani aliyewaza jambo hili kwa mara ya kwanza?

Ufaransa, na hasa kampuni ya matairi ya Michelin. Katika miaka ya 1930 Michelin walitengeneza magari ya reli yaliyoitwa Micheline, yenye matairi ya upepo yanayokanyaga moja kwa moja juu ya reli ya kawaida. Abiria waliyapenda kwa utulivu wake, lakini reli ni nyembamba na tairi juu yake haliwezi kubeba mzigo mkubwa. Gari lilipaswa kuwa jepesi mno. Baadhi ya Micheline zilipelekwa Madagaska, na huko zilidumu kuliko karibu mahali pengine pote duniani. Kwa hiyo wazo hili lilishafika katika Bahari ya Hindi zamani, jirani kabisa na pwani yetu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shirika la usafiri la Paris, RATP, lilikuwa na metro iliyochakaa na umati wa abiria. Wahandisi wakaligeuza wazo: badala ya kulibana tairi juu ya reli nyembamba, lipe njia yake pana, na reli ibaki pembeni kwa dharura. Behewa la majaribio, MP 51, lilibeba abiria kuanzia 1952 hadi 1956 kwenye kipande kifupi cha njia kati ya Porte des Lilas na Pré-Saint-Gervais. Mwaka 1956 treni za MP 55 zikaanza kazi kwenye njia ya 11, iliyochaguliwa kwa kuwa ni fupi na ina miinuko mikali kuelekea Belleville. Kisha ikaja treni ya MP 59, kwa ajili ya njia ya 1 na baadaye ya 4, ambazo ndizo zilizokuwa zimeelemewa zaidi. MR-63 ya Montreal ni mtoto wa MP 59.

Kwa nini Montreal ikachagua matairi?

Hapa naomba uvumilivu, maana jibu ni refu na ndilo kiini cha habari yote.

Jean Drapeau alirudi kwenye umeya mwaka 1960 akiwa ameahidi metro. Ujenzi ulianza 23 Mei 1962. Mji ulishauriana na wataalamu wa Paris, na Drapeau hakuficha kwamba alivutiwa na kilichofanyika kule. Kuna wanaosema sababu ilikuwa heshima tu, kwamba mji wa Wakanada wasemao Kifaransa ulitaka kufanana na Paris na kutofautiana na Toronto, iliyokuwa imefungua metro yake ya chuma mwaka 1954. Sikatai kwamba hilo lilikuwepo. Lakini ukitazama mahandaki yenyewe unaona sababu za kihandisi zilizo nzito kuliko fahari.

Tairi hung'ang'ania njia kuliko chuma juu ya chuma. Metro nyingi za chuma hukwepa miinuko inayozidi asilimia 4. Montreal wangeweza kufika asilimia 6.5, yaani kupanda mita sita na nusu kwa kila mita mia. Uhuru huo waliutumia karibu kila mahali. Stesheni ziliwekwa juu, karibu na uso wa ardhi, ili abiria wasiteremke ngazi nyingi. Handaki kati ya stesheni na stesheni lilizama chini zaidi, kwenye mwamba mgumu ulio rahisi kuchimba bila kutikisa nyumba. Treni ikiondoka inateremka, na mteremko unaisaidia kushika kasi. Ikikaribia stesheni inayofuata inapanda, na mlima unaisaidia kusimama. Umeme unaokolewa, breki zinaokolewa, na safari inakuwa ya haraka.

Treni ya chuma ingepata shida katika handaki kama hilo. Na treni hii ya matairi nayo ingekuwa anasa isiyo na maana katika handaki lililonyooka tambarare. Vitu viwili hivi vilisanifiwa kwa wakati mmoja, na watu walewale, chini ya wahandisi kama Lucien L'Allier, ambaye leo kuna stesheni yenye jina lake. Paris walilazimika kuingiza matairi katika mahandaki ya babu zao. Montreal walianza na karatasi tupu, na mimi naona ndiyo maana walifaulu zaidi.

Mbona mabehewa ni membamba?

Upana wake ni kama mita 2.5, wakati ya Toronto yanazidi mita 3. Ilikusudiwa. Behewa jembamba linaruhusu njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, zipite katika handaki moja lenye upana wa kama mita 7 badala ya kuchimba mahandaki mawili. Upungufu wa upana ulifidiwa kwa urefu: jukwaa la stesheni lina mita 152, na treni ya mabehewa 9 inalijaza lote. Pia kila behewa la MR-63 lilikuwa na milango minne kila upande, ili watu washuke na kupanda bila kukwama.

Kwa kuwa treni inajaza sehemu kubwa ya handaki, inasukuma hewa mbele yake. Ule upepo unaokupiga usoni ukifungua mlango wa stesheni unatokana na hilo. Ndiyo maana milango ya stesheni nyingi inazunguka kwenye mhimili wa katikati badala ya bawaba za pembeni: upepo unaosukuma nusu moja unasukuma na nusu ya pili upande wa pili, na mtu mzima au mtoto anaweza kuufungua.

Ni kweli breki zilikuwa za mbao zilizolowekwa mafuta ya karanga?

Kweli kabisa, na hili huwa haliaminiki hadi mtu alisikie mara mbili. Vibao vya breki vilichongwa kutoka mti wa birchi wa manjano, mti mgumu unaoota Quebec kwenyewe, kisha vikalowekwa kwenye mafuta ya karanga. Vibao hivyo hubana yale magurudumu ya chuma, si matairi. Mafuta huzuia mbao isiungue na kuisha upesi, na mbao haili chuma kama ambavyo kibao cha chuma kingefanya, wala haijazi handaki vumbi la chuma.

Breki zikitumika kwa nguvu kulikuwa na harufu ya kitu kilichokaangwa. Wenyeji wa zamani wa Montreal wakiinusa wanajua wako wapi bila kufumbua macho.

Kwa nini haitoki nje hata kidogo?

Theluji. Tairi kwenye zege lenye barafu linateleza, na vyuma vya kuongozea vyenye umeme vikifunikwa na barafu treni haipati umeme vizuri. Hivyo metro ya Montreal yote, stesheni zote na njia zote, iko chini ya ardhi au ndani ya majengo. Sapporo, Japani, walifungua metro ya matairi mwaka 1971 na sehemu yake inapita juu kwenye nguzo, lakini iliwabidi waifunike kwa paa refu la aluminiamu ili theluji isiingie.

Uamuzi huu una alama yake kwenye ramani ambayo watu huniuliza sana: kuna njia ya 1, 2, 4 na 5, ya 3 iko wapi? Njia ya 3 ilipangwa kutumia reli ya kampuni ya CN inayopita chini ya Mlima Royal, sehemu kubwa ikiwa nje, kwa treni za magurudumu ya chuma. Kisha Montreal ikapewa maonesho ya dunia ya mwaka 1967, Expo 67, baada ya Moscow kujitoa. Fedha na nguvu zikahamishiwa njia ya 4, ile ya manjano, inayopita chini ya mto Saint Lawrence hadi kisiwa cha maonesho na Longueuil. Ilifunguliwa 1 Aprili 1967, wiki chache kabla ya maonesho kuanza. Njia ya 3 haikujengwa.

Mbona ndani kuna joto hivyo, hata wakati nje ni baridi kali?

Tairi likibonyea na kunyooka kila linapozunguka linatoa joto, na joto hilo linabaki handakini. Ongeza joto la mota, breki na watu. Ukiweka kiyoyozi kwenye treni utapoza ndani, lakini joto lote utalitupa handakini, kisha abiria wanaosubiri ndio watakaolipokea. Kwa sababu hiyo MR-63 hazikuwa na kiyoyozi, na hata treni mpya za Azur zina mfumo wa kupitisha hewa tu. Majira ya kiangazi usivae koti.

Ile sauti ya noti tatu treni inapoondoka ni ya MR-63?

Hapana. Hiyo ni ya MR-73, kizazi cha pili, kilichotengenezwa na Bombardier na kuanza kazi mwaka 1976. Inatokana na kifaa cha kielektroniki kinachokatakata umeme unaoingia kwenye mota. MR-63 zilikuwa na mfumo wa zamani zaidi na hazikuimba.

Kuna ajali mbaya iliyowahi kutokea?

Ndiyo. Tarehe 9 Desemba 1971 treni iliyokuwa haina abiria iligonga nyingine iliyoegeshwa karibu na stesheni ya Henri-Bourassa, moto ukawaka, na dereva akafariki. Mabehewa 24 yaliteketea. Januari 1974 ukatokea moto mwingine na mabehewa 9 yakapotea. Kati ya mabehewa 369 yaliyotengenezwa na kiwanda cha Canadian Vickers hapohapo Montreal, 336 ndiyo yaliyobaki kuendelea na kazi.

Sipendi kuona habari hii ikirukwa kwa sababu treni inapendwa. Mpira ukishika moto hutoa moshi mzito, na hiyo ni gharama halisi ya kuchagua matairi. Usalama wa moto katika metro hii ulipitiwa upya baada ya miaka hiyo, na anayelinda njia za kutokea na mabomba ya maji leo anafanya kazi iliyoanzia usiku ule.

Treni inawezaje kudumu zaidi ya miaka 50?

Haikunyeshewa. Gari la hapa huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kila msimu wa baridi, lakini MR-63 haikuwahi kuiona chumvi, mvua wala jua. Tairi nalo hupunguza mtikisiko, na mtikisiko ndio unaochosha bodi na viungo vyake. Kisha kuna mafundi waliozikarabati kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuzihudumia kila siku hadi mwisho. Uchakavu ulikuwepo na viti vilibadilishwa, lakini umbo la mwanzo lililotoka katika ofisi ya Jacques Guillon, bodi ya buluu yenye mstari mweupe, halikuonekana la kizamani hata mwaka 2018.

Kama ni matairi na njia yake ya peke yake, inatofautianaje na mwendokasi wa Dar es Salaam?

Swali zuri, na jibu ni ukubwa. Basi refu la mwendokasi lina kama mita 18. Treni ya MR-63 ilikuwa na mita 150 na ushei, ikabeba zaidi ya watu elfu moja kwa mpigo, na ikafuatwa na nyingine baada ya dakika chache bila taa za barabarani wala makutano. Upande wa pili, mwendokasi unaweza kujengwa kwa muda mfupi na kwa sehemu ndogo ya gharama. Hazishindani.

Miji gani mingine ina metro ya matairi? Afrika je?

Jiji la Mexico lilifungua yake mwaka 1969 na ndiyo kubwa kuliko zote za aina hii. Santiago ya Chile ilifuata mwaka 1975. Ufaransa kuna Marseille, Lyon, Lille, Toulouse na Rennes, na Lille walikuwa wa kwanza kuendesha metro ya aina hii bila dereva, mwaka 1983. Lausanne, Uswisi, ni mfano ninaoupenda: njia yao ya M2 ya mwaka 2008 inapanda miinuko ya hadi asilimia 12, na treni ya kawaida ya chuma isingeweza. Metro za Cairo na Algiers zinatumia magurudumu ya chuma.

Kwa hiyo matairi ni bora kuliko chuma?

Kwa mahali pake. Paris walibadilisha njia ya 6 mwaka 1974, kwa kuwa karibu nusu yake inapita juu ya mitaa na makelele yaliwasumbua wakazi, kisha wakaacha kubadilisha njia nyingine kwa sababu ya gharama, na kwa kuwa treni za chuma zilikuwa zimeboreshwa sana. Tairi linakula umeme zaidi, linachakaa na kuhitaji kubadilishwa, na linatoa joto. Njia mpya za pembezoni mwa Paris zinajengwa kwa chuma. Hata hapa Montreal, REM, mtandao mpya wa treni za mjini uliofunguliwa mwaka 2023, ni ya chuma, kwa kuwa inapita nje kwenye theluji.

Mji ukiuliza leo, ningeuliza kwanza: mna milima? Stesheni zenu zinakaribiana? Mtakaa chini ya ardhi moja kwa moja? Wakijibu ndiyo mara tatu, matairi yana hoja. Wakisita hata kwenye moja, wachukue chuma. Na wajue kwamba uamuzi huu haurudi nyuma: miinuko ya Montreal, ile iliyochimbwa kwa ajili ya MR-63, inamaanisha kila treni itakayofuata lazima iwe ya matairi pia. Azur, iliyoanza kazi Februari 2016, haikupewa uchaguzi mwingine.

MR-63 ziko wapi sasa?

Mabehewa mengi yalikatwakatwa na chuma chake kutumika tena. Shirika la usafiri la mji, STM, lilitoa machache kwa miradi ya umma na ya sanaa. Ukitaka kuiona MR-63 kwa karibu, nenda jumba la makumbusho ya reli la Exporail, Saint-Constant, kusini mwa mto. Angalia bogi kabla ya kuingia ndani: pale ndipo tairi, gurudumu la chuma na kibao cha mbao vinaonekana pamoja.